Bunduki ya kuwinda iache huko huko majuu

Kama una binamu Texas au Minnesota, hiyo picha ushaiona. Amevaa kofia ya rangi ya chungwa, amepiga goti kwenye theluji, kulungu wa huko amelala mbele yake na bunduki ameiegemeza begani. Chini yake watu wa huku nyumbani wameandika "noma sana" na "tutumie nyama basi". Halafu mwaka mmoja binamu anachoka na baridi, anaamua kurudi Nairobi. Nyumba ameshalipia Kilimani. Kwenye orodha ya vitu vya kupakia kwa kontena, kati ya friji na viatu vya watoto, bunduki nayo ipo. Anakupigia simu wewe kwa sababu wewe ndiye uko huku: "Si nitakuja nayo tu? Ni yangu bana, na risiti ninayo."

Mwambie hapana. Na usimwambie tu kwamba serikali itamsumbua, kwa sababu mtu aliyekaa majuu miaka kumi ataona hiyo ni hadithi ya kawaida ya Kenya, ya karatasi nyingi na ya kumjua mtu fulani ofisini. Mwambie sababu yenyewe.

Risiti ya dukani Houston haina kazi hapa. Leseni yake ya kule pia haina kazi hapa. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka uwe na cheti chetu wenyewe, na kuingiza bunduki nchini kunahitaji kibali unachopata kabla ya mzigo kuondoka, si baada ya kufika. Kwa upande wa forodha, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye vizuizi. Kwa hivyo hawezi kuiandika "vyombo vya nyumbani" na kutumaini kwamba pale Embakasi hakuna atakayefungua sanduku. Akikamatwa, kesi haitakuwa ya ushuru. Itakuwa ya kupatikana na silaha bila cheti, na Kenya watu hufungwa kwa hilo.

Lakini tuseme binamu ni mtu mwadilifu, anataka kufuata kila hatua. Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu zaidi, si rahisi. Anayeomba cheti lazima aonyeshe sababu nzuri ya kuwa na bunduki, na kwamba akiwa nayo umma hautakuwa hatarini. Sasa ataandika nini kwenye hiyo sababu? Kuwinda? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Mzee Kenyatta akiwa bado hai. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikarudia marufuku hiyo, na haikuachia hata anayewinda swala kwa ajili ya kitoweo. Maana yake, bunduki iliyotengenezwa kwa kazi moja anaileta kwenye nchi ambayo kazi hiyo ni hatia.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike. Bunduki ya kuwinda ikitua Nairobi haibaki kuwa ya kuwinda. Hakuna mnyama unayeruhusiwa kumlenga kutoka Kilimani, Lavington, Karen wala Kangemi. Hata simba akitoka mbugani Lang'ata akaingia kwa ua la mtu, anayeitwa ni KWS. Kilichobaki mbele ya mtutu ni watu. Binamu anaweza kuwa na roho safi kabisa, lakini kuanzia siku hiyo anamiliki silaha ya watu, iliyofungiwa kwa kabati, kwenye ghorofa ambalo unasikia jirani wa juu akikohoa.

Na hii si bastola, ile wasee wanaiita mguu wa kuku. Risasi ya bunduki ya kuwinda wanyama wakubwa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu. Fikiria ramani ya upande wetu wa magharibi. Lavington na Kawangware zinapakana. Kosa moja la upande mmoja linaweza kumpata mama anayeuza mandazi upande wa pili, na hatajua hata limetoka wapi.

Nairobi, kwa kweli, iliwahi kuwa mji wa kuja na bunduki. Tembea katikati ya jiji utaona alama zake, ukitaka kuziona. Norfolk ilifunguliwa 1904 na ikawa mahali wageni walikusanyikia kabla ya kwenda porini. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, muda mfupi tu baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, akiwa na mwanawe Kermit na bunduki za kutosha. Safari yao ilipoishia Khartoum 1910, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512. Mmoja wa waliowakaribisha alikuwa McMillan, Mmarekani mwenye shamba kubwa Juja. Ndiyo, huyo huyo wa maktaba ya Banda Street, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni ambayo umewahi kupigia picha. Karen Blixen naye alifika 1914, akalima kahawa chini ya Ngong na kuwinda simba, hadi alipoondoka 1931. Nyumba yake leo ni makumbusho, na watu huenda huko kupiga picha za harusi.

Wakati huohuo Mwafrika aliyewinda kwa upinde ili watoto wale aliitwa jangili. Mgeni mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji. Hata leo kuna watu hawajaisamehe hiyo tofauti, na siwalaumu.

Kuna familia moja inayoonyesha hiyo njia ilifika wapi. Lord Delamere wa tatu alikuja Afrika kuwinda simba, akapenda ardhi, akahamia. Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue, na sanamu yake ilisimama hapo hadi Uhuru. Karibu miaka mia moja baadaye, Mei 2006, kitukuu chake Tom Cholmondeley alifyatua risasi ndani ya ranchi ya familia, Soysambu, alipokutana na wanaume waliokuwa na mbwa na swala waliyemwinda. Mmoja wao, mwashi wa mawe, akafa. Cholmondeley alijitetea kwamba alikuwa akiwalenga mbwa. Mei 2009 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane, baada ya kukaa rumande karibu miaka mitatu. Watu wengi walibishana kuhusu ile miezi minane, na walikuwa na haki. Mimi hubaki na kitu kingine: bunduki ilikuwa bado shambani miaka 29 baada ya uwindaji kuisha, na siku ilipopata kazi, aliyekufa alikuwa mtu.

Najua utakachosema. Utasema Westgate. Septemba 2013, magaidi walipovamia lile jengo la Westlands na watu 67 wakauawa, raia wenye leseni waliingia na bastola zao na kutoa watu nje, kabla serikali haijajipanga. Ni kweli, na walikuwa majasiri. Lakini angalia vizuri ni kina nani. Ni watu waliokuwa na cheti cha Kenya, silaha ndogo waliyoruhusiwa kubeba, na waliojua kuitumia kati ya watu. Hawakukimbia nyumbani kutoa bunduki ndefu ya kulungu kwenye kabati. Ukitaka silaha ya kujilinda, hilo ni ombi jingine, na utalipeleka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ukiwa umejiandaa kuchunguzwa. Usilifiche ndani ya hobi ya majuu. Na kumbuka Desemba 2018, serikali ilipoamuru kila mwenye leseni ahakikiwe upya ndani ya siku 90. Hata wenye vyeti walipanga foleni kujieleza.

Kinachonikera ni ile lugha ya "ni mali yangu". Gari ni mali yako pia, na ukirudi nalo likiwa na usukani wa upande wa kushoto utaambiwa hapana, na hutalia ati umeonewa. Kuhama nchi ni kukubali kwamba kuna vitu vilikuwa halali kwako Jumatatu na si halali Jumanne. Wazungu waliohamia hapa enzi zile hawakuambiwa hivyo na mtu. Tumewaona walivyoishia, sasa tuwe wa kwanza kujiambia.

Na kwa wewe unayeelekea upande mwingine, wa masomo, usidhani kule ni kuokota bunduki dukani kama soda. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda, pamoja na ile ya mwanafunzi, kuwa na bunduki wala risasi, labda awe na leseni halali ya kuwinda au aingie kwenye misamaha mingine michache. Kuna wanaoenda kufyatua na marafiki wikendi, wanapiga video, wanaziweka mtandaoni, bila kujua wanajiandikia kesi ya kurudishwa nyumbani. Uingereza ndiyo kabisa: bila cheti cha polisi huigusi.

Basi binamu afanye nini? Aiuze kwa muuzaji mwenye leseni huko huko kabla ya kontena kufungwa, apate pesa yake. Kama moyo unakataa, amwachie rafiki anayeruhusiwa kisheria kuwa nayo, kwa kufuata sheria za jimbo lake. Na kama ni uwindaji wenyewe anaoupenda, si lazima aache: Tanzania iliufunga 1973 ikaufungua tena 1978, na hadi leo inauza vibali vya uwindaji wa kitalii. Atavuka Namanga kihalali, ingawa bei yake itamfanya akumbuke Minnesota kwa upendo.

Kisha muulize kuhusu kile kichwa cha kulungu alichotundika sebuleni, maana lazima atataka kukileta pia. Mwambie apige simu KWS kwanza.