Jumba la Mfalme ni Jasho la Nani?



Kila mwaka wakati wa kuchagua ziara ya chama ukifika, kelele huwa ni zile zile: twende Unguja tukaone majumba ya masultani! Mwaka huu kuna waliosema hata Unguja haitoshi, ati laiti tungefika Ufaransa tukaone Versailles na bustani zake. Mimi sipingi safari. Tembea uone mengi. Lakini nashikilia kwamba anayekwenda kuona jumba la mfalme bila kuuliza lilijengwa kwa jasho la nani, huyo ameona kuta tu.

Tuanze na Unguja. Sultani Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka wa 1883 alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililozungukwa na roshani zilizobebwa na nguzo za chuma. Kule Maruhubi alijenga jumba jingine lenye bustani na hamamu za kuogea. Tusimnyime haki yake: ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya mifereji. Lakini mali yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zililimwa na watumwa, na pembe zikabebwa mabegani kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa 1873, ila utumwa wenyewe haukufutwa hadi 1897. Piga hesabu, msomaji: Jumba la Maajabu lilijengwa katikati ya miaka hiyo miwili!

Versailles nako ni yale yale. Mfalme Louis wa Kumi na Nne alihamishia serikali yake huko mwaka wa 1682. Oktoba 1789, wanawake wa Paris walitembea kwa miguu mpaka jumbani kudai mkate. Bustani ilikuwa na chemchemi za kupendeza, huku mjini watu wakilala njaa.

Na majumba hayadumu. Maruhubi liliungua 1899, zikabaki nguzo. Sehemu ya Jumba la Maajabu iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa sisi watu wa Embu tuna nini cha kuonyesha? Kwani tulikuwa na mfalme?" Hilo ndilo linaloniuma. Aembu na Ameru waliongozwa na mabaraza ya wazee. Kule Nchiru, Meru, wazee wa Njuri Ncheke wangali na nyumba yao ya mikutano. Nasi tulikuwa na bustani zetu: visitu vya mugumo ambavyo hakuna aliyethubutu kuvunja hata tawi. Havikuwa na ukuta wala askari. Heshima ndiyo iliyokuwa ukuta. Siku hizi vingi vimefyekwa vikawa mashamba. Nani kati yetu anaweza kutuonyesha kimoja kilichobaki?

Tena kuna jambo la pesa. Sisi ni shule ya kutwa, na wazazi wengi hapa Manyatta wanachuma majani chai na kahawa. Safari ya Unguja itawabeba wachache, wengine tubaki kungoja kusimuliwa. Hilo nalo si jumba la wachache lililojengwa kwa jasho la wengi?

Pendekezo langu ni hili. Tuombe ruhusa ya wazee, tukodishe basi, twende Nchiru asubuhi na kurudi jioni, sote. Kabla ya hapo, kila mwanachama amwulize babu au nyanya yake habari za kisitu kimoja cha kwao, aandike. Siku tutakapopata uwezo wa kufika Unguja, twende kwa furaha, maswali yakiwa mfukoni.

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao mtumwa. Mimi nimesema yangu. Anayepinga na ashike kalamu, tukutane toleo lijalo.