Kisiwa cha Watoro: Neno kwa Wanaopanga Safari ya Réunion



Wapendwa waamini, wapo miongoni mwenu walioanza kuweka akiba ili siku moja wafike katika kisiwa cha Réunion, nao wameniuliza kama safari ya namna hiyo yamfaa Mkristo au ni anasa tu. Swali hilo ni jema, na jibu langu nalitoa mapema: nendeni, lakini jiandaeni kama mahujaji. Kisiwa kile kilipokea watu wa pwani yetu wakiwa katika minyororo, na baadaye kikatuletea Injili. Mtu asiyeyajua mambo hayo mawili atarudi na picha nzuri, basi.

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 700 mashariki ya Madagaska. Zamani kiliitwa Bourbon. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 2,500, karibu sawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Lakini kilele chake cha juu, Piton des Neiges, kinapita mita 3,000. Katikati ya kisiwa ardhi imebomoka na kufanya mabonde matatu ya duara yaliyozungukwa na magenge marefu: Cilaos, Salazie na Mafate. Bonde la Mafate halina barabara hadi leo. Wakazi wake, ambao ni mamia tu, huingia na kutoka kwa miguu, na mizigo mikubwa huletewa kwa helikopta. Upande wa mashariki, volkano ya Piton de la Fournaise ingali hai. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza milima hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa sababu hiyo wageni wengi huenda huko kupanda na kushuka.

Sasa tujiulize: ni nani waliotangulia kuishi katika magenge hayo? Walikuwa watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya kahawa ya mabwana zao katika karne ya 18. Majina ya mahali pale yanawakumbuka. Mafate alikuwa kiongozi wa watoro. Kilele cha Cimendef kina jina la mtoro mwingine, na wajuzi wa lugha ya Kimalagasi hueleza kwamba maana yake ni mtu asiye mtumwa. Watu hao waliyajua malipo ya kukamatwa. Sheria ya mwaka 1723 iliagiza kwamba aliyetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na kuchomwa chapa ya moto begani. Akirudia, akatwe mshipa wa mguu. Na mara ya tatu, auawe. Hata hivyo walipanda. Vile vijia ambavyo mgeni wa leo huvisifu kwa uzuri wake, wao walivipita usiku, bila viatu, wakisikiliza kama mbwa wa wawindaji wanakaribia.

Wengi wa watumwa wa Bourbon walitoka Madagaska, na wengine wengi walitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mtu. Tuyatafakari maneno hayo bila kugeuza uso. Mnunuzi alitoka mbali. Muuzaji alikuwa wa hapa hapa. Wale waliouzwa walikuwa na mama waliowasubiri jioni, nao hawakurudi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Walionyang'anywa asili yao hawakuiacha kwa hiari, na ni wajibu wetu sisi tuliobaki kuikumbuka kwa niaba yao.

Nalo Kanisa lilikuwa wapi? Ni haki kusema ukweli, hata ukiuma. Wamisionari Walazaristi, waliohudumia parokia za Bourbon katika karne ile, walimiliki watumwa. Padre aliadhimisha Misa Takatifu, na shamba la parokia likalimwa na watu wasiokuwa huru. Sioni njia ya kulipamba jambo hilo, wala sidhani kwamba Mungu anatutaka tulipambe.

Lakini neema nayo ilipata mlango. Mwaka 1833 alifika kisiwani Bruda Scubilion Rousseau, Mfaransa wa Shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo. Jioni, kazi za mashamba zilipokwisha, aliwafundisha watumwa katekisimu kwa maneno mepesi waliyoweza kuyaelewa. Alikuwapo uhuru ulipotangazwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakafunguliwa. Alifariki mwaka 1867, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri huko huko kisiwani tarehe 2 Mei 1989. Tena, mwaka 1849 lilianzishwa pale shirika la masista, Mabinti wa Maria, ambalo liliwapokea wanawake weupe pamoja na wanawake weusi waliotoka utumwani, wakakaa nyumba moja na kuitana dada. Kutoka kisiwa hicho hicho, mwaka 1860, Padre Armand Fava alikuja Unguja pamoja na mapadre wengine na masista wa shirika hilo, wakaanzisha misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo. Kumbe imani tuliyobatizwa nayo ilivuka bahari ile ile iliyowabeba ndugu zetu kwenda utumwani.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya safari hii yaanze na kumbukumbu, kisha yafuate mambo ya mfuko na mizigo. Najua wapo watakaosema kwamba fedha hizo zingefaa kuezekea darasa. Hoja hiyo naiheshimu. Mtu mwenye mtoto aliyekosa ada, au mgonjwa nyumbani, asiende. Hija yake iko mlangoni pake. Lakini kumbukumbu ya wafu wasio na kaburi nayo ni tendo la huruma, na taifa lisilotembelea makaburi yake hujifunza kuuza watu upya kwa majina mapya.

Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu anayeketi kwanza na kukadiria gharama kabla ya kujenga mnara (taz. Lk 14:28). Basi ketini mkadirie. Matumizi kisiwani ni kwa euro, na bei ni za Ulaya. Réunion haimo katika eneo la Schengen. Ulizeni mapema viza itakayokubaliwa huko. Miezi ya Mei hadi Novemba ndiyo mikavu. Msiende Januari hadi Machi, majira ya vimbunga: mahali paitwapo Foc-Foc, mwezi Januari 1966, ilinyesha milimita 1,825 za mvua kwa saa 24, ambayo ni zaidi ya mvua ya Dar es Salaam kwa mwaka mzima. Baharini kuna papa waliokwisha kuua watu. Ogeleeni mahali palipotengwa tu. Milimani usiku ni baridi kali, na nyumba za kulala wageni huko Mafate ni chache, hivyo wekeni nafasi mapema. Wazee wenye magoti dhaifu wasione aibu kubaki Cilaos, ambako gari hufika, ingawa barabara yake ina kona zaidi ya 400.

Siku moja itengeni kwa ajili ya Sainte-Marie, kanisani kwenye kaburi la Mwenyeheri Scubilion. Mtakapofika Mafate, kabla ya kutoa kamera, simameni kimya kidogo na kuwaombea wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Na mkikutana na mtu wa kisiwa ambaye wenzake humwita Kaf, jina wanaloitwa wenye asili ya Afrika, msalimieni kama ndugu aliyekawia kurudi. Yawezekana babu wa babu yake aliondoka Kilwa.

Nawatakieni Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.