Usiku wa mpakani ni ushuru usio na risiti

Muulize mchuuzi yeyote wa Sirari na Isebania ni kitu gani kinamla faida. Wengi watakutajia ushuru kwanza, kwa sababu ndio jibu tulilozoea kutoa. Lakini kaa naye chini, mfungue daftari lake la matumizi, mpige hesabu safari kwa safari. Utakuta ushuru uko mbali chini ya orodha. Juu kabisa kuna nauli, kuna mpagazi, na kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye risiti ya nchi yoyote: usiku uliolazwa mpakani kwa sababu gari la mwisho limeondoka.

Naandika haya nikiwakumbuka akina mama wa dagaa wanaotoka upande wa Musoma kwenda Migori, ambako samaki huyo huyo anaitwa omena. Safari yao inafanana na ya muuza vitunguu, muuza machungwa na muuza mitumba. Anayefanya biashara Namanga, Holili au Mutukula atajiona humu pia.

Mama wa dagaa huamka saa tisa usiku. Anawasha jiko apate chai na uji wa watoto, anaacha maagizo kwa binti mkubwa au kwa jirani, saa kumi na nusu yuko stendi. Kosta haiondoki mpaka ijae. Magunia yanapandishwa juu, nauli ya mzigo inapatanwa upya kila siku kana kwamba konda hamjui. Anafika Sirari jua limeshachomoza sana. Hapo gari lake linaishia. Mzigo unashuka, unapanda mkokoteni au bodaboda, unapita kwenye kituo, kisha unashushwa tena Isebania na kupandishwa kwenye matatu ya Migori. Gunia moja limeshikwa na mikono minne au mitano, na kila mkono umelipwa.

Kituo chenyewe kimebadilika, na lazima tuseme ukweli. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja. Zamani ulisimama upande huu, ukapigwa mhuri, ukatembea, ukasimama tena upande wa pili. Upo pia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Huhitaji wakala wa forodha. Mchuuzi ambaye bado analipa mtu wa kumjazia fomu hiyo anatoa pesa bure.

Kwa hiyo ushuru umepungua, na foleni imepungua. Mbona basi mfuko haujanenepa?

Tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme mama ana mtaji wa shilingi 400,000 za Tanzania na ameuza kwa 470,000. Faida ya juu juu ni 70,000. Nauli yake ya kwenda na kurudi 16,000. Nauli ya mzigo 10,000. Mkokoteni na wapagazi 6,000. Ada ya soko 5,000. Chakula cha mchana 4,000. Jumla 41,000, anabakiwa na 29,000. Akirudi nyumbani siku hiyo hiyo, ameshinda vizuri.

Sasa tuseme amechelewa. Cheti cha ukaguzi wa bidhaa kilihitaji ofisa ambaye hakuwepo mpaka mchana. Au matatu ya kutoka Migori ilikaa stendi saa mbili ikisubiri kujaa. Anavuka kurudi Sirari saa moja usiku, gari la Musoma limekwenda. Chumba 12,000. Chakula cha usiku na chai ya asubuhi 6,000. Mtu wa kumlindia mzigo aliorudi nao 3,000. Hiyo ni 21,000. Katika 29,000 amebakiwa na 8,000 kwa kazi ya siku mbili, na huko nyumbani watoto wamekula, mkaa umewaka, jirani anasubiri ahsante yake.

Huo ndio ushuru ninaousema. Hakuna bunge lililoupitisha, hakuna ofisa anayeutoza, lakini umekula zaidi ya theluthi mbili ya kilichobaki. Na ukimpata mara mbili kwa mwezi, mama huyu hatakuza mtaji wake hata tufute ushuru wa forodha mara kumi.

Usiku huo una gharama nyingine ambayo pesa haiwezi kuilipa. Nyanda za Tarime zina baridi, hasa Juni na Julai. Vyumba vya bei ya chini havina blanketi la maana, na anayelala mpakani kwa dharura hakubeba shuka. Watu wanafanya kile walichokiona kwa wazee wao: wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala.

Wafanyabiashara wenzangu, hili lazima lisemwe wazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu aliyechoka na safari atadhani ni uchovu tu. Aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kudhani. Wengi wanaamini kwamba jiko likishaacha kutoa moshi na makaa yakawa mekundu, liko salama. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hiyo. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii kitu. Jiko ni la kupikia nje au mahali penye hewa inayopita. Likimaliza kazi yake, libaki nje. Kama chumba kina baridi, ombeni blanketi la pili, laleni wawili wawili mnaofahamiana, vaeni nguo zote mlizo nazo. Faida ya dagaa haifai kumfanya mtu asiamke.

Lakini kumwambia mtu asilale na jiko ni kutibu mkia wa tatizo. Kichwa chake kiko stendi. Kwa nini amelala pale?

Amelala kwa sababu usafiri wa mtu wa kawaida bado unakatika kwenye mstari wa mpaka. Mabasi makubwa ya Mwanza na Nairobi yanavuka, hilo linajulikana. Lakini hayo ni ya msafiri wa mbali. Hayamsubiri mama mwenye magunia mawili anayeshuka Migori. Gari dogo la njia fupi, linaloondoka Tarime asubuhi na kufika Migori bila kumshusha abiria na mzigo wake mpakani, ndilo linalokosekana. Miji hii miwili iko karibu. Watu wake wanaoana, wanazikana, wanauziana. Gari tu ndilo linalojua kwamba kuna mpaka.

Pendekezo langu ni dogo. Mamlaka mbili zinazotoa leseni za usafiri wa abiria, LATRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, zikubaliane juu ya njia fupi za mpakani: Tarime hadi Migori, Longido hadi Kajiado, Moshi hadi Taveta. Magari machache kila upande, kwa zamu, yenye ratiba inayojulikana, ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni. Gari la mwisho liondoke hata kama halijajaa, na saa yake ibandikwe ukutani mwa kituo cha mpaka ili kila mtu apange siku yake kwa kuiangalia.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni bima: gari la Kenya likigonga mtu Tanzania, nani analipa? Jibu lipo tayari, linaitwa Kadi ya Njano. Ni bima ya pamoja ya madhara kwa watu wengine barabarani, ilianzishwa chini ya COMESA, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Malori yanaitumia kila siku. Kama lori la tani 30 linaweza kuvuka nayo, kosta ya abiria 25 itashindwaje?

La pili ni usalama na uhamiaji. Hili lina uzito. Kenya, Uganda na Rwanda zimewaruhusu raia wao kusafiri kati yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania bado inataka hati ya kusafiria, hata ya muda. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Lakini gari lenye njia maalumu, abiria wake wengi wakiwa wale wale kila wiki, ni rahisi kulikagua kuliko watu mia wanaovuka wametawanyika, wengine kwa njia za panya kwa sababu za halali zimewachelewesha.

La tatu linatoka kwa vijana wetu wa bodaboda na mikokoteni, na ndilo linalonigusa zaidi. Watasema tunawanyang'anya riziki. Siwezi kudai kwamba hakuna atakayepoteza. Lakini mzigo ukivuka kwa urahisi, mizigo huongezeka. Mji wenye wachuuzi wanaokuja mara tatu kwa wiki badala ya mara moja una kazi nyingi zaidi za kubeba, kupanga, kuhifadhi na kuuza chai. Nao wapewe nafasi ya kwanza kuunda ushirika na kuomba leseni za magari hayo.

Ugumu wa kweli ni kwamba hatujalidai. Vikao vya mtangamano huzungumza habari za malori na makontena kwa sababu wenye malori wana vyama vyenye ofisi na barua zenye nembo. Soko la Pamoja lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na hati yake inazungumzia uhuru wa watu kusafiri, si bidhaa peke yake. Mchuuzi anasafiri kama abiria na kama mzigo kwa wakati mmoja, na hakuna meza inayompokea akiwa vyote viwili.

Wakati tunasubiri, yapo tunayoweza kuyafanya wenyewe wiki hii. Kundi la wachuuzi 8 au 10 wanaokwenda siku moja wakodi gari moja la kwenda na kurudi, waondoke pamoja na warudi pamoja. Nauli ya mtu mmoja huwa haizidi sana ile ya kosta, na hakuna anayeachwa. Wanaohitaji vyeti vya ukaguzi wamtangulize mmoja wao siku moja kabla na karatasi za wote, pale utaratibu unaporuhusu. Kikundi hicho hicho kinaweza kuweka akiba ya kununuliana mitungi midogo ya gesi kwa zamu, maana mkaa wa kununua kwa kopo ni ghali kuliko wa gunia, na anayeuendea kila jioni hawezi kuona anavyotoboka. Na kila anayelala mpakani aandike kwenye daftari lake, kwenye mstari wake peke yake: usiku mmoja, kiasi gani, kwa sababu gani.

Daftari hizo ndizo zitakazotusemea. Ofisa anaweza kubishana na malalamiko. Ni vigumu kubishana na madaftari 50 kutoka pande mbili za mpaka yanayosema kitu kimoja kwa shilingi za nchi mbili. Tukiyapeleka kwenye kamati ya pamoja ya mpaka, tuulize swali moja tu: gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na nani amelipanga?