Tazameni Mtaa Kabla ya Nyumba





Mwezi uliopita, baada ya mkutano wetu wa Jumamosi, tulifuatwa na baba mmoja wa makamo aliyekuwa na karatasi mbili mkononi alizopewa na dalali wa nyumba. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya fleti ya vyumba viwili East Ham, juu ya duka, isiyo na hata kipande cha uwanja. Ya pili ilikuwa ya nyumba ya vyumba vitatu, yenye bustani na mahali pa kuegesha gari, katika mji mdogo nje ya mpaka wa London, na kodi yake ya mwezi ilikuwa chini kuliko ya ile fleti. Baba huyu ana mke, watoto watatu, na mama mzazi anayetarajiwa kuja kukaa nao miezi sita. "Mwalimu," alituambia, "hapa pana la kufikiri kweli? Hata mtoto mdogo angechagua ya pili."

Tulimjibu kwamba sisi tuliwahi kuichagua ya pili. Na kwa kuwa wako wengi miongoni mwenu mnaokusudia kuhama, ama kutoka nchi nyingine, ama kutoka upande mmoja wa jiji kwenda mwingine, tumeona vema tuyaeleze hapa yale tuliyomweleza yeye, japokuwa si habari tunayopenda kuisimulia.

Ilikuwa mwaka 1997. Tulikuwa tukiishi katika vyumba vidogo Newham, watoto wakilala watatu chumba kimoja, na kila mgeni aliyefika tulimlaza ukumbini. Tukapata nyumba upande wa Havering, mashariki kabisa ya London. Ilikuwa na bustani, mti wa matofaa, na ukimya ambao hatukuwa tumeusikia tangu tufike nchi hii. Tuliitazama mara moja tu, Jumapili moja ya kiangazi, tukiwa tumepelekwa kwa gari la rafiki. Tulihesabu vyumba, tukafungua mifereji kuona kama maji yanatoka, tukapima ukumbi kwa hatua. Mtaa wenyewe hatukuutazama.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mama yetu mzazi alikuja kutoka Tanga. Alikuwa mtu wa Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba na kila nyumba ina baraza, na maisha yake yote haikupita saa moja ya mchana bila ya mtu kupiga hodi mlangoni pake: huyu ameleta mchicha, yule ameomba chumvi, mwingine amekuja kuuliza hali tu. Kwetu Havering, asubuhi sisi tulikwenda kazini, watoto wakaenda shuleni, mlango ukafungwa. Kituo cha basi kilikuwa mbali kwa miguu yake, na basi lenyewe lilipita mara moja kwa saa. Jioni moja tulirudi tukamkuta amekaa kitini karibu na mlango, amevaa koti, viatu na ushungi. Tulipomwuliza alikuwa anakwenda wapi, alisema haendi popote, amevaa tu. Kisha akasema: "Mwanangu, nyumba yenu ni nzuri, Mungu aibariki. Lakini haina hodi."

Baada ya wiki saba aliomba arudishwe kwake. Mwaka uliofuata alifariki kabla hatujajaliwa kwenda kumwona. Hatusemi kwamba nyumba ile ndiyo iliyomdhuru, maana ajali ya mja haina mlango maalumu. Tunasema tu kwamba tulikuwa tumepewa miezi sita pamoja naye, nasi tukaitumia wiki saba.

Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Huo ni ukweli mtupu. Lakini ila za mtaa, tofauti na ila za nyumba, zaweza kujulikana kabla ya kulala hata usiku mmoja, iwapo mtu atakubali kuzitafuta kwa miguu yake. Kwa hiyo shauri letu ni hili: kabla hamjalipa chochote, iishini siku moja ya familia yenu katika mtaa huo. Kumbukeni kwamba dalali anaweza kuwadai fedha za kushikia nyumba. Kwa sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika Juni 2019, fedha hizo hazipaswi kuzidi kodi ya wiki moja, lakini mkibadili nia baadaye mnaweza kuzipoteza. Matembezi yatangulie, malipo yafuate.

La kwanza la kutazama ni njia. Msiulize, "Ni maili ngapi?" Ulizeni, "Ni dakika ngapi, saa ileile tutakayosafiri, kwa nauli gani?" Nendeni siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi, mtoke kwenye mlango wa nyumba hiyo hadi kazini, huku mkitazama saa. Rudini tena usiku, na tena Jumapili, siku ambayo mabasi ya sehemu nyingi hupungua. Fahamuni kwamba treni za London hutoza kwa kanda: East Ham iko mpakani mwa kanda ya 3 na ya 4, ilhali Upminster, mwisho wa njia ileile ya District, iko kanda ya 6. Mabasi ya jiji, kinyume chake, hutoza nauli moja uende karibu au mbali, na ndani ya saa moja unaweza kupanda mabasi mengine bila ya kulipa tena. Mtoto wa miaka 11 hadi 15 mwenye kadi yake hupanda mabasi hayo bure, na mkazi wa London aliyetimiza miaka 60 anaweza kuomba kadi ya kusafiria bure baada ya saa za asubuhi zenye msongamano. Ukiuvuka mpaka wa jiji, hata kwa hatua chache, kadi hiyo ya wazee huna haki ya kuiomba. Basi fanyeni hesabu: nyumba yenye kodi nafuu yaweza kumeza nafuu yake yote katika nauli.

La pili ni shule, na hapa sisi tuliofundisha miaka mingi tunawasihi sana. Wazazi wengi hudhani kwamba wakikaa mtaa wenye shule nzuri, mtoto wao atapokelewa. Shule nyingi zinapojaa huchagua kwa ukaribu wa makazi, nao mwaka mmoja unaweza kuishia chini ya maili moja. Iulizeni halmashauri mtoto wa mwisho aliyepokelewa mwaka jana alikaa umbali gani. Wanayo habari hiyo, na si siri. Aidha, shikeni tarehe. Katika Uingereza maombi ya shule ya sekondari hufungwa tarehe 31 Oktoba, na ya shule ya msingi tarehe 15 Januari, kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata. Anayehamia katikati ya mwaka hupewa nafasi pale palipobaki, na huenda ndugu wawili wakatupwa shule mbili tofauti. Ripoti za wakaguzi zisomeni zote, si mstari wa kwanza tu. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena lile neno moja la kuzipima kwa jumla, jambo ambalo sisi tumelifurahia. Kisha nendeni mkasimame karibu na lango saa tisa alasiri watoto watokapo. Namna wanavyosemeshana wao kwa wao, na namna mwalimu wa zamu anavyowaita, itawafundisha mengi yasiyoandikwa katika ripoti.

La tatu ni gharama zisizotajwa kwenye karatasi ya dalali. Kodi ya halmashauri hutozwa kwa madaraja kuanzia A hadi H, kufuatana na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991. Lakini kila halmashauri hujiwekea kiwango chake, hata nyumba mbili za daraja moja, kila moja katika mtaa wa halmashauri nyingine, zikalipa fedha tofauti. Hali kadhalika, tazameni cheti cha matumizi ya nishati, kilicho na madaraja ya A hadi G. Nyumba ya daraja la E hukodishwa kihalali, lakini katika miezi ya Disemba na Januari mtailipia kwa gesi. Na mkiwa ndani, vuteni kabati mtazame ukuta ulio nyuma yake, maana unyevu hujificha hapo.

La nne ni usalama. Polisi huchapisha kila mwezi ramani ya makosa yaliyoripotiwa, mtaa kwa mtaa, nayo inafaa kusomwa. Isomeni hata hivyo kwa busara: barabara yenye soko au stesheni itaonyesha makosa mengi, kwa sababu watu wengi hupita hapo, na huenda ndiyo njia iliyo salama zaidi kwa mwanamke anayerudi kazini usiku, kwa kuwa ina taa na macho ya watu. Njia ya kimya kando ya bustani, isiyo na kosa hata moja katika ramani, huenda haina kosa kwa kuwa hakuna athubutuye kuipita.

La mwisho, ambalo kwetu sisi lingekuwa la kwanza, ni hodi. Ulizeni: mzee wetu ataweza kwenda wapi kwa miguu, peke yake, bila ya kungoja sisi turudi? Je, kuna maktaba ya kukaa, msikiti au kanisa, soko la kununua muhogo na bamia, kiti cha kupumzikia njiani? Mama atakayebaki na mtoto mchanga atampata nani wa kusema naye saa nne ya asubuhi? Watoto watakisikia Kiswahili wapi, isipokuwa kinywani mwa wazazi waliochoka? Sisi katika miaka mitatu ya Havering tulimwona mtoto wetu mdogo akianza kutujibu kwa Kiingereza, kisha akiacha kuelewa mzaha, kisha akiacha kumsemesha bibi yake kwa simu kwa sababu aliona haya. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jamaa wa mbali, hata wakiwa wema namna gani, hawawezi kumsemesha mtoto kila jioni.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba sote tukasongamane katika barabara moja. Tumeziona nyumba ambamo familia tatu zinagawana jiko moja, na kuta zinatoka kuvu, kwa kuwa tu kila mtu alitaka kuwa karibu na wenziwe. Tumewaona pia vijana waliokulia hapa na wasiomjua jirani yeyote asiye wa kwao. Wala hodi si lazima iwe ya Kiswahili. Tuliporudi Newham mwaka 2000, aliyempokea mtoto wetu shuleni siku treni zilipokwama alikuwa mama wa Kibangladeshi wa mlango wa pili, asiyejua neno letu hata moja, naye alimlisha wali na samaki hadi tukafika. Mtaa mwema ni ule ambao watu wake huonana. Lugha zao ni jambo la pili.

Mtapenda kujua yule baba aliamua nini. Tulimwomba kitu kimoja tu: aende na mkewe. Alikuwa hajampeleka, kwa kuwa, alisema, mama watoto amechoka na hataki usumbufu. Mkewe anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na baadhi ya siku hutoka saa nne ya usiku. Walikwenda pamoja kwenye ule mji wa pili, wakaitazama nyumba, na mama akaipenda sana ile bustani. Kisha akauliza swali moja: "Nikitoka kazini saa nne, nitafika hapa kwa kitu gani?" Walitafuta jibu kituoni, wakagundua kwamba basi la mwisho kutoka stesheni huondoka kabla ya treni yake kufika. Katika wiki zote za kuhesabu vyumba, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ile fleti ya East Ham nayo hawakuichukua, maana ngazi zake ni nyingi na magoti ya bibi ni mabovu. Wamepata nyumba ndogo Barking, ya vyumba viwili na nusu, yenye uwanja usiozidi upana wa jamvi. Ni ghali kidogo kuliko walivyotaka, na mtoto mkubwa amenuna kwa kukosa chumba chake. Lakini kituo cha basi ni mwendo wa dakika nne, tuliuhesabu pamoja nao, nao bibi anatarajiwa mwezi wa Mei. Tumeahidi kwenda kumpigia hodi wiki ile ile atakayofika, na tunawaomba ninyi mlio karibu mfanye vivyo hivyo.

Panapo majaliwa, mwezi ujao tutazungumza juu ya barua zinazotoka shuleni, na namna ya kuzijibu. Hadi wakati huo, tunawatakia kila la heri katika makazi yenu, mapya na ya zamani.