Kijiti cha bei rahisi, hasara ya mpakani
Soko letu limepanuka: Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, Kongo 2022. Lakini kiungo kikipasuka kati ya Koboko na Oraba, au kabla ya Vurra, anayepata hasara ni mwenye mzigo.

Tangi lisiloshika kutu likichomelewa kwenye fremu ya chuma cha kawaida kwa kijiti cha kawaida cha E6013, kiungo huwa kigumu na chepesi kupasuka. Kinachofaa ni E309L. Mashine ya kusaga ya chuma cha kusubu huhitaji kijiti cha nikeli, mishono mifupi na kupoa polepole.

E309L na nikeli ni ghali; mzigo uliokwama ni ghali zaidi. Mfanyabiashara, kabla ya kulipa gereji ya Arua, muulize fundi: chuma gani, kijiti gani?