Gari Linapovuja Kwenye Kifundo cha Gurudumu la Mbele

Magari ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ndiyo yanayobeba wagonjwa, wanafunzi na majeneza katika sehemu nyingi za nchi ambako lami haijafika. Likishazeeka, huja siku ambapo mwenye gari hukuta weusi wa mafuta upande wa ndani wa tairi ya mbele. Fundi atamwambia kuwa ni sili ya nje, ataibadilisha na kulipwa, na baada ya muda mfupi weusi utarudi palepale. Tunaona ni vyema wenye magari, na hasa wale waliokabidhiwa magari ya jumuiya, waelewe kwa nini unarudi; kwani mafuta hayo yakiifikia breki, jambo si la usafi tena.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni boriti moja nzima ya chuma. Kila ncha yake ina tufe lenye uwazi ndani, na juu ya tufe hilo hugeuka kifundo kinachoshika gurudumu. Ndani mwake mna jointi ya gololi 6, ya aina iliyobuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, inayoliwezesha gurudumu kuzungushwa na injini huku likikata kona. Jointi hulainishwa kwa grisi nzito nyeusi, ilhali difu hulainishwa kwa oili ya gia. Kinachotenganisha viwili hivyo ni sili moja ndogo iliyofichika ndani ya ekseli. Ikichoka, oili ya difu huingia kwenye kifundo, ikaifanya grisi kuwa uji mwepesi, na uji huo ndio unaopenya nje. Sili ya nje haikuumbwa kuzuia kitu chepesi namna hiyo. Kazi yake ni kulifuta tufe na kuzuia vumbi. Kuibadilisha peke yake ni kutundika pazia jipya katika nyumba inayovuja paa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua spea yoyote, kwanza tujue kinachovuja. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe ni hali ya kawaida, wala mtu asitishwe nao. Majimaji meusi yenye harufu ya kibiriti yana oili ya difu ndani yake. Pimeni kiwango cha difu nanyi mtakikuta kimeshuka. Mafuta ya breki ni mepesi zaidi, hayana harufu hiyo, na chombo chake chini ya boneti kitakuwa kimepungua. Kisha kagueni kipumulio cha ekseli. Kikizibwa na tope, hewa iliyopashwa moto ndani hukosa pa kutokea, ikaisukuma oili kupita kwenye sili hata ikiwa mpya. Ni kosa dogo linalosahauliwa mno.

Baada ya hapo inueni gurudumu kwa jeki, mlishike juu na chini, mlitikise. Likicheza, mtu mmoja akanyage breki. Mchezo ukikoma, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea; ukibaki, ni beringi za kifundo. Jointi yenyewe hupimwa kwa kufunga habu za mbele, kuingiza magurudumu manne, na kuendesha polepole kwenye mchanga huku usukani umekatwa hadi mwisho. Mlio wa ta-ta-ta maana yake gololi zimekula njia zake. Kuipima bila kufunga habu ni kujidanganya, kwa sababu jointi huwa haibebi mzigo wowote.

Matengenezo ya kweli ni kufungua kifundo chote. Hapa ndipo fundi mwangalifu hutofautiana na mwenye haraka. Juu na chini ya kifundo mna vipande vyembamba vya bati vinavyopanga kimo chake. Kila kimoja kiwekwe alama na kirudi kilikotoka, kwa maana vikichanganywa, kifundo hukaa juu au chini ya mstari wa ekseli, shafti ikaegemea upande mmoja wa sili na kuila upya. Shafti nayo ipitishwe ukucha mahali sili inapokaa; ikiwa na mfereji, sili mpya haitadumu. Uji wa zamani usafishwe wote, kisha grisi yenye molibdeni ijazwe kiasi cha robo tatu ya nafasi. Beringi za kifundo zikazwe kwa kupima uzito wa kukigeuza kwa mizani ya kuvuta, kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Kwenye Land Rover za zamani utaratibu unakaribiana, ila huko adui mkubwa ni kutu inayotoboa uso wa tufe na kuichana sili.

Pedi za breki zilizolowa oili zitupwe. Wapo wanaoziosha kwa petroli na kuzichoma moto ili zitumike tena. Sisi hatuoni sababu ya kuhatarisha gari lililojaa watu kwa ajili ya bei ya pedi. Zibadilishwe pande zote mbili, gari lisije likavuta upande mmoja likisimamishwa kwenye mteremko. Baada ya kilomita 1,000 hivi, difu ipimwe kiwango tena, na tufe lipanguswe kwa kitambaa cheupe.