Santuri za babu zisichomwe

Mzazi mwenzangu, msiba ukiisha ndugu hukaa kugawana vitu vya marehemu. Shamba la kahawa lina mwenyewe, ng'ombe wana wenyewe, hata koti la baridi linapata wa kulivaa. Kinachokosa mwenyewe ni boksi la santuri lililo chini ya kitanda. Gramafoni iliharibika zamani, watoto hawajui sahani hizo nyeusi ni za nini, na mtu mmoja anasema, "Zichomwe tu." Kabla hatujawasha kiberiti, tuzungumze.

Maboksi hayo yapo kwenye nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, Vwawa mjini na vijijini Mbozi. Kuna wazee waliofanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia wakarudi na gramafoni na santuri zake. Kuna walimu na makarani waliokuwa wakitenga kidogo kwenye mshahara kununua wimbo mmoja. Kwao huo haukuwa mchezo, ilikuwa mali.

Pia ni historia yetu. Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Baadaye bendi zetu nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao zikatengenezwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alisikika nyumba kwa nyumba kwa njia hiyo. Baadhi ya nyimbo za wakati ule hutazipata kwenye simu hata ukizitafuta usiku kucha. Ndiyo maana wakusanyaji wa nje wanazitafuta. Akija mtu kukupa bei ya boksi zima, usikubali siku hiyohiyo. Kwanza jueni mna nini.

Anza kwa kutenganisha. Santuri ndogo nyingi huzunguka mara 45 kwa dakika, kubwa mara 33. Zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo ni za mara 78, na ndizo kongwe zaidi. Hizo usizifute kamwe kwa spiriti, maana inayeyusha ule uso wake.

Huku kwetu adui ni wawili: vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mistari, si kukata katikati. Ikiwa chafu sana, tumia maji yasiyo na chumvichumvi, kama yale ya kuongezea kwenye betri (hakikisha si asidi), na tone moja la sabuni ya vyombo. Usiloweshe karatasi ya katikati. Iache ikauke yenyewe kivulini.

Zisimamishe kama vitabu kwenye rafu. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinapinda, na ukiziweka karibu na bati au dirisha la jua zinapinda haraka zaidi. Mfundishe mtoto kushika ukingo, asiguse mistari.

Ukinunua mashine ya mtumba, iwe Tunduma au kwingine, soma kibandiko cha nyuma. Iliyotoka Japani au Marekani huenda inataka umeme wa volti 100 au 120, na wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma itaungua. Kisha tazama sindano. Sindano iliyolika huchimba mistari kila wimbo unapopigwa, na mstari uliochimbwa haurudi. Kama sindano haijulikani umri wake, ibadilishe kabla ya kupiga santuri unayoipenda.

Je, mali hii iwe ya nani? Pendekezo langu: mtu mmoja awe mtunzaji, si mmiliki. Nyimbo zirekodiwe mara moja kwa utulivu, nakala wapate ndugu wote, na santuri zenyewe zisiuzwe bila kikao.

Na kama bibi yupo, msimwache nje. Mkalishe karibu, watoto wakiwepo, mpige wimbo mmoja. Nyimbo nyingi za bendi zilikatwa vipande viwili. Ukiisha upande wa kwanza lazima mtu anyanyuke ageuze. Muda huo mfupi wa ukimya ndipo muulizeni: babu aliinunua wapi? Mliicheza siku gani? Andikeni majibu kwenye karatasi, na muiweke ndani ya ganda la santuri hiyo. Santuri ikitunzwa vizuri inaweza kusubiri miaka hamsini mingine, lakini bibi hawezi.

Tukutane wiki ijayo.